Kukimbia na familia ufukweni Bagamoyo hadi Kaole: mwongozo kamili kwa waliokwama njiani

Mchezo huu nauona karibu kila mwezi. Familia imeshuka kutoka Dar, baba ana raba mpya, watoto wanarukaruka, mama anapiga picha, na saa ni nne kasoro. Bahari imejaa. Mchanga mgumu wote uko chini ya maji, kilichobaki ni utepe wa mchanga mwepesi karibu na minazi. Wanaanza hivyohivyo. Baada ya nusu saa nawakuta wamekaa chini, mdogo amebebwa mgongoni, baba anamuuliza dereva wa bajaji kwenda Kaole ni shilingi ngapi.

Siwacheki. Mara ya kwanza kuipeleka familia yangu nilifanya kosa hilohilo, tena mimi naishi hapahapa Bagamoyo. Niliamka, nikaona jua zuri, nikasema twendeni. Mama mkwe wangu akatazama bahari, akaniambia, "Mwanangu, leo maji mafu, na saa hizi yanajaa." Nikaitikia "ndiyo mama", nikaendelea kufunga kamba za viatu. Hatukufika hata nusu ya njia. Mwanangu wa mwisho alilia mpaka akapata kwikwi, na kanga mbili za mama ziliishia kuwa furushi la viatu vilivyolowa.

Tangu siku ile nimeenda mara nyingi, na watu wengi, wakiwemo wazee na watoto wa miaka mitano. Nimeandika hapa kila kitu kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Njia ni kama kilomita 5 kutoka mji mkongwe wa Bagamoyo kwenda kusini hadi magofu ya Kaole. Usitafute vibao vya kilomita wala mishale. Bahari iko kushoto kwako, minazi iko kulia, unakwenda.

## Vitu vya kuandaa

Usibebe nyumba nzima. Hivi vinatosha:

- Raba za zamani zilizokwishauzoea mguu, na soksi. Raba mpya ikiingia mchanga na maji ya chumvi, lengelenge ni la uhakika. Watoto wadogo wanaweza kuvaa yeboyebo zenye kamba ya nyuma. Kandambili hazifai, zinachomoka kwenye mchanga mbichi.
- Maji ya kunywa, lita 1 kwa mtu mzima na nusu lita kwa mtoto. Usitegemee kununua njiani, kwani asubuhi ile ukishauacha mji nyuma hakuna duka ufukweni.
- Kofia zenye ukingo wa mbele. Asubuhi jua linakupiga usoni, upande wa kushoto, njia nzima.
- Mafuta ya kuzuia jua kwa mwenye ngozi nyepesi, na kwa watoto wote.
- Kanga mbili. Kanga ni taulo, ni kivuli, ni mbeleko, ni stara ukifika Kaole.
- Plasta, kipande cha sabuni na kitambaa safi.
- Pesa taslimu za noti ndogondogo, na kitambulisho cha mtu mzima mmoja.
- Simu moja yenye chaji, ndani ya mfuko wa nailoni. Moja tu. Nitaeleza sababu.
- Namba ya dereva wa bajaji uliyeongea naye jana yake.

Kuhusu mavazi: Bagamoyo ni mji wa watu wa dini na wa heshima zao. Hakuna atakayekufukuza kwa kuvaa kaptura, lakini truksuti au suruali nyepesi inakuondolea macho ya watu na inakukinga na jua. Akina mama wengi wa vikundi vya jogingi huku hukimbia na dera fupi juu ya suruali, na wanakimbia vizuri tu.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi wa kuandama

Hapa ndipo watu wote wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana. Ndiyo maana rafiki yako alikwenda Jumamosi saa nne akakuta ufukwe mpana kama uwanja wa mpira, wewe ukaenda Jumamosi iliyofuata saa ileile ukakuta maji. Hakukudanganya. Wiki moja inatosha kugeuza kila kitu.

Katika pwani yetu, siku ya mwezi mpevu na siku za mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, dakika kadhaa mbele au nyuma, na hujaa kwenye saa kumi. Hilo ndilo bamvua, maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa nguvu. Mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka. Saa nne asubuhi ndiyo yamejaa. Hayapandi sana kama ya bamvua, lakini hayatoki sana pia. Hayo ndiyo maji mafu aliyoyasema mama mkwe.

Sasa tazama mitego miwili. Ukija siku ya mwezi nusu saa nne, hupati mchanga mgumu kabisa. Huo mtego unauona mapema. Mtego mbaya zaidi ni wa bamvua. Unafika saa nne, ufukwe umetanda, unafurahi, unakimbia. Lakini jua limeshapanda, na ukigeuka kurudi saa sita maji yanakuja mbio, watoto wamechoka, kichwa kinagonga.

Siku unayoitaka wewe ni siku tatu au nne kabla ya bamvua. Maji yanapwa mapema, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, wakati jua bado ni rafiki. Kwa hesabu za mwezi wa kuandama ni tarehe 10 hadi 12 za mwezi huo, na tena tarehe 25 hadi 27. Kalenda nyingi zinazotundikwa ukutani zina tarehe zote mbili, ya kawaida na ya Kiislamu, kwa hiyo huhitaji kuwa mnajimu. Tafuta Jumamosi au Jumapili inayoangukia humo. Mwezi huu usipoipata, mwezi ujao utaipata. Nafikiri sihitaji kusema kwamba siku hizo zikiangukia Ramadhani hazihesabiki kwa wanaofunga.

Msimu nao una neno lake. Masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kukukuta katikati ya njia pasipo na pa kujificha. Vuli ni nyepesi kidogo. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio wakati mzuri kuliko wote kwa watoto. Upepo wa kusi unakupiga usoni, unakukausha jasho, ingawa unakupunguzia mwendo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba, upepo uko mgongoni. Watu wanaufurahia, wanasema unawasukuma. Kumbe ukikimbia sawa na upepo jasho halikauki, na joto unalisikia mara mbili. Kaskazi, ongeza maji ya kunywa na punguza mbio.

Utajua umefanikiwa ukiwa na tarehe moja mkononi na saa ya maji kupwa iliyo kati ya saa moja na saa tatu asubuhi.

## Hatua ya 2: Hakikisha jana yake

Hesabu ya mwezi inakupa siku, haikupi dakika. Jana yake fanya mambo mawili.

Kwanza, fungua jedwali la maji kwenye simu. La Dar es Salaam au la Zanzibar linafaa, tofauti na Bagamoyo ni ndogo. Angalia saa, na angalia kimo. Maji ya chini yakiandikwa pungufu ya mita 1, una ufukwe mzuri. Yakiandikwa mita 1 na nusu, ufukwe utakuwa mwembamba, chagua njia ya barabara au siku nyingine. Na soma saa vizuri: 8:10 ya jedwali ni saa mbili na dakika kumi. Namjua baba mmoja aliyeleta familia nzima saa nane mchana.

Pili, kama umelala Bagamoyo, nenda soko la samaki karibu na jengo la forodha ya zamani, muulize mvuvi yeyote mtu mzima. Salamu kwanza. "Shikamoo baba. Kesho maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama kitu chochote. Jibu lake likipishana na la simu kwa zaidi ya nusu saa, rudi kwenye simu uangalie kama hukusoma tarehe ya jana. Mara zote nilizoona mgongano, aliyekosea alikuwa mwenye simu.

## Hatua ya 3: Gawa familia makundi mawili

Usiwaburute wote. Kundi la kwanza ni la miguu: watu wazima wenye afya na watoto kuanzia miaka saba au minane. Kundi la pili ni la bajaji: bibi, babu, mjamzito, mtoto mdogo, mwenye goti bovu. Hawa wanakwenda kwa barabara ya Kaole na chakula chote, mnakutana magofuni.

Watu wanaliona hili kama kushindwa. Mimi naona ndilo linalookoa safari. Kundi la miguu linakuwa jepesi, halibebi kapu wala mtoto. Na bibi hakai ufukweni masaa mawili akisubiri watu warudi, anakaa kivulini Kaole akiwapangia vitumbua.

Dereva wa bajaji mwelewane bei jana yake, kwa safari zote mbili: kupeleka kundi la pili, na kurudisha watu. Mwambie saa ya kukuchukua. Ukiacha hadi muda ule, utakuta bajaji ziko mjini na wewe uko Kaole.

Kama wote ni wadogo na hakuna wa kwenda kilomita 5, msilazimishe. Kimbieni dakika 25 kwenda, geukeni, rudini. Ni safari kamili hiyo, na Kaole mtaenda kwa bajaji baada ya chai.

## Hatua ya 4: Usiku na alfajiri

Lala Bagamoyo ukiweza. Kutoka Dar ni kama kilomita 70 na ushei, na ukitaka kuwa ufukweni saa kumi na mbili na nusu itabidi watoto waamshwe saa tisa usiku. Watakuwa na hasira kabla hata ya kuona bahari. Ukilazimika kuja siku hiyohiyo, njoo na gari binafsi, kwa sababu mabasi ya kupitia Bunju na Kerege yanasimama kila kituo.

Chakula cha alfajiri kiwe kidogo na chepesi: uji, au ndizi mbivu na chai. Maandazi ya mafuta yanapanda kooni ukianza kukimbia. Supu ya pweza ni tamu, lakini ngoja urudi. Kila mtu anywe bilauri moja ya maji kabla ya kutoka, na kila mtoto aende chooni. Usiulize kama anataka, mpeleke.

## Hatua ya 5: Anza saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa

Kama maji yanapwa saa mbili, uwe unanyoosha viungo saa kumi na mbili na nusu. Maji yatakuwa yanaendelea kutoka huku unakwenda, na mchanga mgumu unazidi kupanuka mbele yako. Ukianza yalipokwishapwa, kila hatua unayopiga maji yanarudi.

Usianzie sokoni. Asubuhi pale ni kazini kwa watu. Ngalawa zinaingia, samaki wanapigiwa mnada, kamba za nanga zimelala mchangani na mtoto anayekimbia haoni kamba. Sogea kusini kidogo mpaka shughuli zipungue, ndipo muanze. Ukitaka picha ya wavuvi, omba kwanza: "Kaka, naomba kupiga picha." Wengine watakubali, wengine hawataki, na aliyekataa asibembelezwe.

Tembeeni dakika kumi za mwanzo. Najua watoto wataondoka kama mshale. Waite warudi. Mtoto anayemaliza nguvu dakika tano za kwanza ndiye utakayembeba dakika ya arobaini.

## Hatua ya 6: Kukimbia kwenye mchanga

Mchanga una rangi tatu, na rangi inakuambia kila kitu. Ule mweupe mkavu wa juu ni mwepesi, mguu unazama, misuli ya nyuma ya mguu inaungua. Ule wa chini kabisa unaong'aa kama kioo bado una maji ndani yake, ukikanyaga unateleza au unabonyea. Katikati kuna ukanda wa kijivu, mbichi lakini haung'ai. Kanyaga ukaona mguu umeacha alama ya soli bila kuzama. Huo ndio wako.

Ukanda huu unahama kadiri maji yanavyotoka, kwa hiyo usishike mstari mmoja. Kila baada ya muda sogea upande wa bahari. Huko chini ufukwe ni tambarare zaidi pia. Ukikimbia juu, kwenye mteremko, mguu wa kushoto unakuwa chini ya wa kulia njia nzima, na jioni nyonga itakuuma usijue sababu.

Mwendo wa watoto: dakika moja kukimbia, mbili kutembea. Usiwape saa, wape wimbo. Yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua mchakamchaka. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, wimbo ukiisha tunatembea. Mwanangu wa kike ana miaka tisa na sasa anaongoza yeye, ametunga beti zake za kumcheka baba yake anayehema. Kipimo cha mwendo ni hichohicho. Mtu akishindwa kuitikia, anakimbia kuliko uwezo wake.

Maji kila dakika 20, funda mbili tatu, hata asiyesikia kiu. Mtoto akisema ana kiu ameshachelewa.

Tahadhari za njiani:

Msivue viatu. Mchanga unaonekana safi, lakini una vipande vya chupa, miiba ya samaki na magamba ya chaza yanayokata kama wembe.

Msikimbie ndani ya maji. Kwenye maji ya magotini hujilaza samaki aitwaye taa, na mwiba wake ni mchungu usiosahaulika. Mkilazimika kuvuka kidimbwi, buruteni miguu bila kuinua, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe.

Msiende kwenye mafungu ya mchanga yaliyo mbali. Maji yakirudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Yanajaza kwanza mabonde ya nyuma yako, na unajikuta kwenye kisiwa. Mtoto hawezi kulijua hili, kwa hiyo mpaka wenu uwe huu: hakuna anayepita upande wa bahari kuliko mtu mzima.

Na simu. Kuna vipande vya ufukwe vitupu, nyumba ziko mbali. Nendeni kundi, msiachane, msitembee na vitu vya thamani vikining'inia. Ndiyo maana nimesema simu moja, mfukoni. Kama mko wawili tu au ni wageni kabisa, tafuteni kijana mwenyeji mwongozaji aende nanyi. Mwelewane malipo kabla.

## Hatua ya 7: Toka ufukweni kabla ya mikoko

Hili ni kosa la pili kwa ukubwa. Watu wanadhani ufukwe unakufikisha mlangoni Kaole. Haukufikishi. Bandari ya Kaole ilizibwa na matope na mikoko, na mikoko hiyo ipo mpaka leo mbele ya magofu.

Ukiona kijani kimeanza kuziba mbele yako na mchanga unageuka kuwa matope ya rangi ya kahawa, simama. Usiseme "tujaribu kidogo". Matope yanavua raba mguuni, na mizizi ya kupumulia ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, imechomoza juu kama penseli zilizochongwa. Mtoto akianguka pale anaanguka juu ya hizo.

Geuka kulia, uachane na bahari, ushike njia za miguu zinazopita mashambani kwenda barabara ya Kaole. Ukikuta watu uliza: "Hodi jamani, barabara ya Kaole?" Mashamba haya yana wenyewe. Pitieni kwenye njia, msikate katikati, msiokote madafu yaliyoanguka. Ukifika barabarani pinda kushoto, tembeeni kwa mstari mmoja upande unaotazamana na magari na bodaboda.

Utajua umefanikiwa ukifika barabarani viatu vikiwa na mchanga bila tope, na saa bado haijafika tatu.

## Hatua ya 8: Kaole

Kuna kiingilio. Mwananchi analipa pungufu kuliko mgeni, ndiyo sababu ya kitambulisho.

Kabla ya kuingia, jifungeni kanga, jipanguseni, mnywe maji. Ndani kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi mengi, na watu bado huja kuomba dua pale. Waambieni watoto mapema: hakuna kukimbia humu, hakuna kupanda ukuta, hakuna kukaa juu ya kaburi hata kwa picha. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimechoka, jiwe moja likitoka halirudi.

Historia mwachieni mwongozaji wa pale, anaijua kuliko mimi. Msikose mbuyu. Una miaka zaidi ya 500, na wenyeji husema ukiuzunguka unaongeza umri. Mama mkwe huuzunguka kila tukienda, taratibu, mkono mmoja kwenye gome. Sijawahi kumuuliza anahesabu miaka mingapi.

Chakula ni nje ya magofu, kivulini. Vitumbua, mihogo, matunda. Madafu yakipatikana kunyweni, ila hayana chumvi ya kutosha, kwa hiyo waliotoka jasho sana wapate na kitu cha chumvi, hata korosho.

## Hatua ya 9: Kurudi

Rudini kwa barabara, kwa bajaji. Msirudi ufukweni.

Najua utatamani. Bahari bado itaonekana mbali. Lakini gawa kimo cha maji mafungu 12, uone yanavyopanda. Saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani saa mbili za mwanzo yanakulaghai, na saa mbili zinazofuata yanapanda nusu ya kimo chote. Kama tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, hiyo ni mita 1 na nusu ndani ya saa mbili. Mkimaliza kula Kaole ndipo mtakapoikuta saa ya tatu, na watoto wamechoka, na jua liko utosini.

Mwenye nguvu zake akitaka kurudi kwa miguu, barabara ipo. Aende mtu mzima, asiende na mtoto.

## Mambo yakiharibika

Mtoto amelegea, anatapika, anaongea ovyo au ngozi ina moto: simamisha kila kitu, peleka kivulini, legeza nguo, mlowanishe kwa maji kichwani na shingoni, mpepee kwa kanga, piga simu bajaji ije na umpeleke hospitali ya wilaya mjini. Usisubiri kuona kama atapata nafuu. Anayeongea ovyo au anayesinzia usimlazimishe kunywa.

Aliyechoka tu, mwenye akili zake, mtengenezee maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mimi hufunga sukari na chumvi kwenye kikaratasi toka nyumbani.

Aliyechomwa na taa: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyounguza, kisha hospitali. Maji ya moto yanapunguza maumivu kweli. Mwiba uliozama sana usiung'oe mwenyewe.

Aliyekatwa: maji safi na sabuni. Maji ya bahari hayasafishi kidonda, hata kama bibi anasema hivyo.

## Ukishafika nyumbani

Sasa ile supu ya pweza.

Ukimaliza, osheni miguu kwa maji baridi na mtazame katikati ya vidole vya watoto, kwa mikwaruzo na kwa funza. Raba zisizungushwe tu kwenye maji mara moja. Toa soli ya ndani, suuza mara mbili chumvi itoke, jaza magazeti ndani, anika kivulini. Ukizianika juani gundi inaachia, na safari ijayo zitafungukia Kaole, kama zilivyofunguka za mume wangu, akarudi mjini na soli imefungwa kwa kamba ya katani aliyopewa na mvuvi.